Baba akiambiwa ana saratani ya tezi dume, mpeni daftari

Bahasha ilikaa siku sita kwenye droo ya kabati la sebuleni. Mtoto wa kwanza ndiye aliyeipokea hospitalini, akaisomea kwenye benchi la nje, akaipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la ndugu wanne. Chini ya picha aliandika: "Baba asijue kwanza. Ana presha."

Wote wakakubali, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mmoja akapendekeza kiwanja cha Kingolwira kiuzwe haraka ili mzee apelekwe India. Mwingine akatuma video ya mtu anayechemsha majani na kuapa kwamba tezi dume huyeyuka ndani ya siku 21. Mama yao hakuambiwa kitu, kwa sababu mama hajui kuficha jambo usoni.

Siku ya saba Mwalimu alikuwa anatafuta miwani. Ndivyo mtaa mzima wa Kihonda, Morogoro, unavyomwita, Mwalimu, ingawa amestaafu miaka minane sasa. Alifungua droo, akakuta bahasha yenye jina lake. Ripoti ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza ndicho alichofundisha kwa miaka 31, pamoja na hesabu. Aliisoma akiwa amesimama, akairudisha mahali pake, kisha akampigia simu mtoto wake wa tatu, binti anayeishi Dar es Salaam na mumewe na watoto wawili.

"Mama," alimwambia, maana binti huyo amepewa jina la bibi yake mzaa baba, "kumbe mnajua."

Binti alikuwa jikoni akiwapakulia watoto chakula. Kilichomtoka mdomoni ni "Shikamoo baba" tu. Baba akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, akasema: "Kesho kutwa ndiyo kliniki. Njoo wewe. Kaka yako mwambie apumzike."

Kumficha mgonjwa ni kosa ambalo familia nyingi hulifanya kwa upendo. Siku sita zile hazikuongeza ugonjwa, kwa sababu saratani ya tezi dume kwa kawaida hukua polepole na huenda ile ilikuwa imekaa miaka. Hasara ilikuwa kwingine. Mgonjwa asiyejua anaumwa nini hawezi kumweleza daktari kinachomsumbua, hawezi kuchagua tiba, wala hawezi kukataa. Na fomu ya kukubali upasuaji husainiwa na yeye, si na kundi la WhatsApp.

Binti alifika jioni ya kesho yake kwa treni ya SGR. Alimkuta baba yake mezani na daftari gumu jipya, kauntabuku, la aina ile ile aliyotumia kuandalia masomo. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika tarehe, na chini yake kichwa cha habari: Ninachojua. Palikuwa na mistari minne tu. Ukurasa uliofuata ulikuwa na kichwa kingine: Nisichokijua. Huo ulikuwa umejaa.

Alichokijua ni hiki. Kwa karibu miaka miwili alikuwa anaamka usiku mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo, na mkojo unatoka kwa kusitasita. Alidhani ni uzee. Stendi ya Msamvu alinunua chupa mbili za dawa ya mitishamba, akazimaliza. Usiku mmoja mkojo ukagoma kabisa, tumbo likajaa, mkewe akaita bajaji saa nane za usiku. Hospitali wakamwekea mpira. Wakapima damu, kipimo kinachoitwa PSA, kikasoma juu sana. Daktari hakukimbilia kusema saratani. Alisema mpira na maambukizi ya njia ya mkojo vyaweza kuipandisha PSA, hata tezi iliyovimba bila saratani huipandisha, kwa hiyo atibiwe kwanza, wapime tena baada ya wiki kadhaa. Kipimo cha pili kikaleta 64, wakati kiwango kinachotumiwa na wengi kama mpaka wa kuanza kuuliza maswali ni 4. Ndipo alipochukuliwa vinyama 12 kwa sindano.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulichanganya, na hata jina la mtaani linachangia. Watu husema "ana tezi dume" kana kwamba tezi dume ni ugonjwa. Kila mwanamume anayo. Ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, kinauzunguka mrija wa mkojo, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu. Kwa wanaume wengi kinatanuka kadiri umri unavyokwenda, na kutanuka huko ndiko mara nyingi huleta shida ya mkojo. Huo si saratani. Saratani yenyewe, ikiwa changa, aghalabu haina dalili yoyote. Mtu anakojoa vizuri, analala vizuri, na ugonjwa umo. Kwa Mwalimu vyote viwili vilikuwepo kwa pamoja, uvimbe wa kawaida na saratani, na pengine bila huo uvimbe asingefika hospitali mapema hivyo.

Usiku ule baba na binti walikaa na ripoti mezani. Palikuwa na hesabu ndogo iliyomkera Mwalimu: 4+4=8. "Hii hesabu ya darasa la kwanza inafanya nini hapa?" aliuliza. Binti hakujua. Ikaingia kwenye ukurasa wa Nisichokijua, swali namba moja.

Lakini kulikuwa na maswali ambayo baba hawezi kumuuliza binti yake, wala binti hawezi kuyasikia kwa baba. Tezi dume iko mahali penye heshima zake. Kuipima kunahitaji kidole cha daktari, na tiba yake yaweza kugusa nguvu za kiume, korodani, na kubana mkojo. Familia nyingi hukwama hapo. Mtoto anayemsindikiza mzee anaona haya, mzee anaona haya, daktari ana wagonjwa 40 nje, na mambo mazito kabisa yanapita bila kuulizwa.

Mwalimu alilitatua kwa njia yake. Aligeuza daftari chini juu, akaanza kuandika upya kutoka nyuma. Kurasa za mbele zilikuwa za binti. Kurasa za nyuma zilikuwa zake na za mkewe. "Wewe usifike huku," alimwambia, na binti hadi leo hajafika.

Mkewe aliambiwa usiku huo huo, na Mwalimu mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa. Walichozungumza hakijulikani. Asubuhi mama alitoka amevaa kitenge cha safari, akasema naye anakwenda kliniki.

Daktari bingwa wa mfumo wa mkojo alikuwa kijana, labda umri wa mtoto wao wa kwanza. Alimwamkia mzee, akashangaa kidogo kuona daftari, kisha akavuta kiti karibu. Binti aliomba ruhusa ya kurekodi kwa simu, akaruhusiwa. Ni jambo dogo lenye faida kubwa. Mtu aliyetoka kusikia neno saratani husikia nusu ya yanayofuata, na nusu hiyo huikumbuka vibaya. Nyumbani walisikiliza rekodi ile mara tatu, na kila mara ndugu mmoja alisema, "Kumbe alisema hivyo?"

Ile hesabu, daktari alieleza, inaitwa Gleason, jina la daktari wa Marekani aliyeibuni miaka ya 1960. Mtaalamu wa maabara anaangalia vinyama kwa darubini, anatafuta sura mbili za seli zilizotawala, kila moja anaipa alama. Seli zilizokaa kwa mpangilio karibu na za kawaida hupata 3, zilizovurugika kabisa hupata 5. Anajumlisha. Kwa hiyo saratani inayoripotiwa huanzia 6, ambayo ni pole, hadi 10, ambayo ni kali. Nane ni kali. Mwalimu akauliza kama 3+4 na 4+3 ni sawa. Daktari akacheka, akasema hilo ni swali zuri, majibu yote ni 7 lakini ya pili ni mbaya zaidi, maana sura iliyotawala ni ile kali. "Kwa hiyo hapa kanuni ya kubadilishana nafasi haifanyi kazi," akasema Mwalimu, akaandika.

Alama ile peke yake haitoshi kuchagua tiba. Panahitajika kujua mambo mengine mawili: ugonjwa umefika wapi, na mwili wa mgonjwa una hali gani, yaani umri, moyo, kisukari, figo. Daktari aliandika rufaa ya kwenda Dar es Salaam kwa vipimo vya picha na kile cha mifupa, kwa kuwa saratani hii ikitoka kwenye tezi hupenda kukimbilia mifupa ya nyonga na uti wa mgongo. Binti aliuliza alichotumwa na ndugu zake: je, kiwanja kiuzwe? Daktari alisema hajui habari za kiwanja, ila hawezi kumwambia mtu auze chochote kabla majibu ya picha hayajatoka. Wiki tatu au nne za kupima na kuuliza, alisema, kwa mgonjwa kama huyu si za kupoteza. Kisha akataja yasiyosubiri hata kesho: miguu kulegea au kufa ganzi ghafla, mkojo kuziba, haja kubwa kutoka bila kujijua, homa kali. Ya miguu ndiyo aliyoirudia, kwani uvimbe ukibana uti wa mgongo, saa chache zaweza kuamua kama mtu atatembea tena.

Mama aliyaandika hayo manne kwa mwandiko wake mkubwa na kuyabandika nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Chini akaongeza namba ya simu ya dereva wa bajaji.

Ilipofika zamu ya kurasa za nyuma, binti alisimama bila kuambiwa, akatoka nje.

Kwenye benchi alikutana na mwalimu mwingine mstaafu, rafiki wa baba yake, ambaye naye alikuwa na kadi ya kliniki hiyo hiyo. Huyu habari zake zilikuwa tofauti kabisa. PSA yake ilikuwa 7, Gleason 6, ugonjwa umo ndani ya tezi tu. Daktari alimshauri wasimkate wala wasimpige mionzi kwa sasa, bali wamfuatilie: PSA kila miezi michache, kupimwa kwa kidole, vinyama tena baadaye. Watoto wake walikuja juu. Wanasema hospitali inamwacha baba afe kwa sababu ni mzee.

Hawamwachi. Nchini Uingereza wanaume 1,643 wenye saratani iliyogunduliwa mapema waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: wengine wafuatiliwe, wengine wapasuliwe, wengine wapewe mionzi. Baada ya miaka 15, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionesha kuwa waliokufa kwa ugonjwa huo ni takriban 3 katika kila 100, bila tofauti ya maana kati ya kundi na kundi. Waliofuatiliwa tu, ni kweli, walipata zaidi kusambaa kwa ugonjwa, na zaidi ya nusu yao hatimaye walitibiwa. Lakini waliopasuliwa walisumbuka zaidi na mkojo kuvuja na nguvu za kiume kupungua, na mionzi ilileta zaidi shida za haja kubwa. Wale walikuwa watu waliopimwa mapema, wakati huku kwetu wengi hufika hospitali ugonjwa umeshatoka, na namba hizo hazimhusu aliyechelewa. Ila kwa mzee wa benchi zilimhusu sana. Wazee wawili wenye ugonjwa wa jina moja, na tiba ya mmoja ingemuumiza mwenzake. Ndiyo sababu "jirani yetu alipona kwa dawa fulani" ni ushauri hafifu, hata kama jirani hasemi uongo.

Safari ya Dar es Salaam ilipangwa kama msiba au harusi, kwa maana kwamba kila mmoja alipewa kazi. Mtoto wa kwanza, aliyekuwa bado na aibu ya bahasha, alipewa fedha na bima: apige simu kuuliza ni vipimo gani na dawa gani zinalipiwa, zipi hazilipiwi, na kibali kinachukua siku ngapi. Wa pili alipewa kukusanya karatasi zote, kuanzia za mpira wa mkojo, azipange kwa tarehe kwenye faili moja. Kitinda mimba alipewa kuandika orodha ya dawa ambazo baba anameza kila siku, za presha na ile aspirini ndogo, na pia mitishamba yote. Hapo palizuka ubishi, kwa sababu Mwalimu aliona aibu kumwambia daktari kwamba alikunywa chupa mbili za Msamvu. Binti akamwambia, "Baba, wewe ungemsahihisha vipi mwanafunzi anayeficha nusu ya kazi?" Chupa zikaingia kwenye orodha.

Binti mwenyewe alibeba suala la malazi, ambalo halikuwa dogo. Endapo ingeamuliwa apewe mionzi, mgonjwa huenda Jumatatu hadi Ijumaa, kila siku, wiki nne au hata zaidi ya saba kutegemea mpango. Nani atakaa na mzee muda huo? Nyumba ya binti ina vyumba viwili, na baba kukaa kwa mkwe wake wiki nane, akiamka usiku mara tano kupita sebuleni wanapolala wajukuu, kwake lilikuwa jambo la kufedhehesha kuliko ugonjwa wenyewe. Mkwe ndiye aliyelimaliza. Alimpigia simu mwenyewe, akasema, "Baba, chumba chetu ndicho kiko karibu na choo. Sisi tutahamia kwa watoto." Mzee hakujibu ndiyo, lakini aliacha kulizungumza.

Taasisi ya Saratani Ocean Road iko kwenye jengo la enzi za Mjerumani linalotazama bahari. Kipimo cha mifupa hutumia dawa yenye mionzi kidogo inayochomwa mshipani, kisha mgonjwa husubiri saa kadhaa huku akinywa maji kabla ya kupigwa picha. Mwalimu alisubiri akiangalia meli. Majibu yalionesha alama mbili, moja kwenye nyonga ya kushoto, nyingine kwenye pingili ya kiuno.

Daktari aliwaambia wakiwa wote watatu ndani. "Mzee wangu, ugonjwa umetoka nje ya tezi. Kuung'oa wote hatuwezi. Tunaweza kuulaza usingizi, na watu huishi nao miaka."

"Miaka mingapi?" aliuliza Mwalimu. Swali hilo lilikuwa kwenye kurasa za mbele, kwa hiyo binti alikuwa analijua na alikuwa ameliogopa tangu Morogoro.

Daktari hakutaja namba. Alisema wataangalia PSA itashuka kiasi gani katika miezi ya kwanza ya tiba, kisha ataweza kusema kitu chenye maana. Mwalimu akaandika: Jibu litakuja baadaye. Akapiga mstari chini yake.

Kiwanja cha Kingolwira hakikuuzwa. Tiba ya msingi ya hali ile inajulikana tangu mwaka 1941, pale daktari Charles Huggins alipoonesha kule Chicago kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, na ukiikatia chakula hunywea. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Njia kuu za kuikatia ni mbili. Moja ni sindano, kila mwezi au kila miezi mitatu, bila kuacha. Nyingine ni upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, mara moja tu. Juu ya mojawapo, daktari huweza kuongeza vidonge au tibakemikali kwa wanaostahili, na hapo bima huulizwa tena.

Ndugu wanne waligawanyika mara moja. Wa kwanza, mwenye hesabu za fedha, alitaka upasuaji. Wa pili alisema baba yake hawezi kukatwa kama beberu, watachanga za sindano. Kitinda mimba alilia. Binti alikaa kimya, maana hilo lilikuwa la kurasa za nyuma.

Mwalimu aliwaita wote nyumbani Jumapili. Kwanza aliwauliza kwa nini yeye hayumo kwenye kundi la WhatsApp linalomjadili. Akaongezwa pale pale. Halafu akafungua daftari, upande wa nyuma, akasoma yeye, akiruka baadhi ya mistari. Alikuwa ameuliza kila kitu. Sindano na upasuaji vyote huondoa hamu ya tendo la ndoa na nguvu za kiume, hakuna kilicho chepesi kwa hilo. Vyote huleta joto la ghafla na jasho usiku, hulegeza misuli, hudhoofisha mifupa, na baadhi ya watu huwa na huzuni isiyo na sababu. Tofauti ni kwamba sindano ikisimamishwa homoni huweza kurudi, na upasuaji haurudishwi. Sindano za aina iliyopo hospitalini hupandisha homoni kidogo mwanzoni kabla ya kuishusha, hivyo hutanguliwa na vidonge, hasa kwa mwenye alama mgongoni kama yeye. Upasuaji huishusha ndani ya siku moja.

"Swali langu ni moja," alisema, akimtazama wa pili. "Sindano ya kwanza mtachanga. Ya pili mtachanga. Ya kumi na mbili nani analipa?"

Hakuna aliyejibu. Mzee hakuwa analaumu. Wana watoto shuleni, na sindano iliyocheleweshwa huupa ugonjwa nafasi ya kuamka.

"Mimi na mama yenu tumeshakubaliana," akasema. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa, ila alisema, "Nilimwoa mtu, sikuoa kiungo." Vijana wakatazama chini. Baada ya muda mtoto wa kwanza akacheka, kisha wote, na Mwalimu akamsahihisha mkewe kwamba mwanamke huolewa.

Kuna wanaume ambao wangechagua sindano na wasingekosea. Mwenye bima inayolipia, au asiyeweza kuivumilia fikra ya kisu, ana sababu zake. La muhimu ni kwamba Mwalimu alifika kwenye meza ya upasuaji akijua kila kitakachobadilika. Wapo wanaoamka na kukuta jambo ambalo walidhani ni kuondolewa uvimbe tu. Hao huishi na hasira ambayo hakuna kipimo kinachoiona.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe alijiandaa kama anayekwenda semina. Alitembea kila asubuhi, kwa kuwa daktari alimwambia mifupa na misuli inayotumika hudhoofika polepole. Kapeti dogo la mlangoni lililozoea kumkwaza liliondolewa. Maziwa na dagaa vikaongezwa mezani. Alikwenda kwa daktari wa meno, maana baadhi ya dawa za kuimarisha mifupa huleta shida kwenye taya ikiwa kuna jino la kung'olewa. Aliuliza lini aache aspirini, akaambiwa. Mkewe alinunua feni ndogo ya kuwekwa upande wa kitanda na khanga mbili nyepesi za kubadilishia shuka usiku. Jasho lilipoanza, mwezi mmoja baada ya upasuaji, hakuna aliyeshtuka. Feni ilikuwepo.

Huzuni nayo ilikuja, siku za mvua hasa. Alikaa barazani bila kusoma gazeti. Mkewe aliijua kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye daftari, akampigia simu yule rafiki wa kliniki, na tangu hapo wazee wawili hutembea pamoja hadi sokoni na kurudi, wakibishana kuhusu nani ana PSA nzuri.

Miezi mitatu baada ya upasuaji, PSA ya Mwalimu ilisoma 2.1. Daktari alifurahi, akasema ndiyo mwelekeo waliotaka, akasema pia kwamba vipimo vitaendelea, kwa sababu ugonjwa uliolala huweza kuamka na kuhitaji dawa nyingine. Mwalimu alirudi kwenye ule mstari aliouacha, Jibu litakuja baadaye, akaandika pembeni yake 2.1 na tarehe. Mstari hakuufuta.

Ukurasa wa mwisho aliouandika hadi sasa hauhusu yeye. Aliuliza kliniki, wanawe wa kiume wafanye nini. Aliambiwa kwamba mwanamume ambaye baba au kaka yake ana saratani hii yuko kwenye hatari ya karibu mara mbili ya mwingine, kwamba watu weusi nao huipata zaidi, na kwamba mwenye historia hiyo azungumze na daktari kuhusu kipimo cha PSA anapofika kati ya miaka 40 na 45, asisubiri shida ya mkojo. Aliandika majina ya wanawe watatu na la mdogo wake aliye Ifakara, na mbele ya kila jina umri.

Mtoto wa kwanza ana miaka 43. Aliposhuka Jumapili iliyopita alikuta daftari limewekwa wazi mezani kwenye ukurasa huo, upande wake. Alikula, akazungumza habari za mpira, akaaga. Alipofika kwenye gari alirudi, akamuuliza dada yake kwa sauti ya chini kliniki ile hufunguliwa siku gani, na kama mtu huweza kwenda bila rufaa.